Nyumba Moja, Kaya Mbili

Ofisini walimwita Mama Desimali, na hakuchukia. Jina hilo lilimpata mwaka aliporudisha taarifa nzima ya nchi jirani kwa sababu wastani wa watu katika kaya ulikuwa umeandikwa watano, basi, bila nukta wala tarakimu ya baada yake.

"Watano na ngapi?" aliuliza kwenye simu.

Mtu wa upande wa pili alidhani anataniwa. "Mama, watu hawakatwi vipande."

"Huko kwenu hawakatwi. Kwangu lazima wakatwe."

Ofisi yao ilikuwa ya kanda. Nchi kadhaa zilileta takwimu zao pale, na kazi ya Mama Desimali ilikuwa kuzifanya zisomeke pamoja. Wengi walifikiri hiyo ni kazi ya kompyuta, kumbe nusu yake ni kubishana juu ya maneno. Neno lililompa jina kubwa kwenye mikutano lilikuwa moja tu: kaya. Nchi hii inahesabu kaya kwa paa, yaani mnaolala nyumba moja ni kaya moja. Nchi ile inahesabu kwa chungu, yaani mnaokula pamoja ndio kaya, hata kama mmoja wenu analala ng'ambo ya barabara. Ukiziweka nchi hizo mbili bega kwa bega bila kujua, utaapa kwamba watu wa huku wanazaana kuliko wa kule.

Yeye alikuwa upande wa chungu, tena bila kuyumba. Ndiye aliyeandika mwongozo wa makarani wanaopita nyumba kwa nyumba, na ndiye aliyewafundisha. Alisimama mbele ya ubao, miwani imesukumwa juu ya nywele, akawaambia: "Msiwaulize watu wanapendana au hawapendani. Hiyo si kazi yetu. Ulizeni jana jioni nani alikula na nani." Darasa lilicheka, naye akaendelea.

Mumewe alikuwa fundi wa majokofu. Mtaani walimwita Fundi Baridi, watoto kwa wazee. Walikutana Mama Desimali akiwa mwanafunzi, fundi alipoitwa kutengeneza jokofu la bweni. Alikaa na ubovu ule juma zima, ubovu ambao fundi mwingine angeumaliza kabla ya chai ya saa nne, na wasichana wote walijua anachokitengeneza pale si jokofu. Walioana. Wakapata binti mmoja ambaye baba yake alimpachika jina Kipusa akiwa bado amefungwa kwenye kanga ya hospitali, na jina likamganda.

Fundi alipika vizuri kuliko mkewe, na wote wawili walilijua hilo tangu mwanzo. Alikuwa na mkono wa jikoni: chumvi hakuionja, aliikadiria kwa vidole tu, na hakukosea. Mama Desimali alipoanza kusafiri kwenda mikutano ya nje, nyumba haikutetereka. Alirudi akakuta mtoto amesukwa kwa jirani, sare zimepigwa pasi, na chakula kimefunikwa.

Lakini kadiri alivyopanda ngazi kazini, kuna jambo lilikua ndani yake ambalo hakumwambia mtu. Wenzake wa mikutanoni walikuwa na waume madaktari, mabalozi, wahadhiri. Walipomuuliza mumewe anafanya nini, alijibu, "Yuko kwenye mambo ya mitambo." Mara nyingine alisema mhandisi. Neno lilitoka lenyewe, likapita, na yeye akabadilisha mazungumzo.

Kisha nchi zote zikatuma wataalamu wao kukutana katika mji ule ule wa Mama Desimali, kubishana juu ya paa na chungu. Siku ya mwisho aliwaalika baadhi yao nyumbani kwa chakula cha jioni. Walijua mkutano utachelewa kwisha, kwa hiyo aliyepika ni fundi. Hakwenda kazini siku hiyo. Alipika wali, kuku, mboga za aina tatu, akakata matunda kwa ustadi mpaka sahani ikapendeza kama ya harusini. Wageni walipoingia alitoka jikoni akiwa na aproni, akawapa mkono mmoja mmoja, akarudi haraka kwa sababu mchuzi ulikuwa motoni. Mkewe alikusudia kumtambulisha wakishakaa. Angalau ndivyo alivyojiambia baadaye.

Walipoanza kula, mgeni mmoja mrefu, mwenye miwani ya fremu ya dhahabu, mkuu wa takwimu nchini kwake na mtetezi mkuu wa paa, alifunga macho kwa utamu. Akasema kwa lugha ya mikutano, "Madam, mpishi wako ni hodari sana. Ukimchoka, niazime mimi."

Meza nzima ilicheka. Wote wakamtazama mwenye nyumba.

Ilitosha kusema kwamba yule ni mume wake. Watu wangecheka zaidi, mgeni angeomba radhi, fundi angeitwa aketi, na jioni ingenoga. Badala yake Mama Desimali alitupa jicho mlangoni, akatabasamu, akasema, "Asante."

Fundi alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la mchuzi. Lugha ile hakuisoma sana darasani, lakini miaka aliyotengeneza vyumba vya baridi vya mahoteli ilimfundisha maneno ya kutosha, na neno la mpishi lilikuwa la kwanza kabisa. Alikuja polepole, akaweka bakuli katikati ya meza, akainamisha kichwa kidogo kama wafanyavyo wahudumu.

"Kuna kingine, madam?" akauliza kwa lugha ile ile.

Mkewe hakuweza hata kuinua kijiko. "Hapana," alisema. Fundi akarudi jikoni, na hakutoka tena mpaka wageni walipoaga.

Mkewe alimkuta anaosha vyombo. "Baba Kipusa, yule bwana alikuwa anatania."

"Najua."

"Ningemwambia, ila mazungumzo yaliruka."

"Najua."

"Sasa umenuna?"

"Sijanuna." Alisuuza sahani ya mwisho, akaifuta, akaipanga mahali pake.

Kesho yake fundi alirudi kutoka kazini na jiko dogo la gesi begani, akalifunga kwenye kona ya ukumbi wa nyuma. Mkewe aliuliza la nini.

"Mpishi ameacha kazi," fundi alisema. "Kuanzia leo kila mtu ajipikie." Akahamishia nguo zake chumba cha stoo, kwenye kitanda cha wageni kilichokuwa kimeegemezwa ukutani.

Mama Desimali alidhani ni hasira za siku mbili tatu. Alitaka kuomba radhi, si kwamba hakutaka. Lakini kila alipofungua kinywa aligundua kwamba kuomba radhi kunataka kulitaja kosa kwa jina lake, na jina la kosa lake lilikuwa: nilikuonea haya. Hilo hakuweza kulitamka mbele ya mtu aliyemuosha mgongo alipokuwa mjamzito. Akachagua kungoja. Fundi naye alikuwa akingoja. Wakaendelea hivyo hadi kungoja kukawa ndiyo maisha yao.

Nyumba ikawa na mikebe miwili ya sukari, chupa mbili za mafuta, chumvi mbili. Walizungumza, tena kwa adabu. Bili ya maji imekuja. Kesho kuna kikao cha wazazi. Geti halifungi vizuri. Wifi yake, dada mkubwa wa fundi, alipokuja kukaa nao siku kadhaa, walikubaliana bila kukubaliana: fundi alilificha jiko lake bafuni nyuma ya ndoo, wakala meza moja wote, wakapakuliana nyama kwa heshima kama watu waliojuana jana. Wifi alipoondoka alimshika Mama Desimali mkono getini, akasema, "Wifi yangu, mnaishi vizuri mpaka natamani." Mama Desimali aliingia ndani, akakuta jiko limesharudi kwenye kona yake.

Na Kipusa? Kipusa alikuwa darasa la sita. Mama alirudi kutoka kazini, akapika, akamwita. Baba alirudi, akaoga, akapika, akamwita. Kila mmoja alimwona mtoto anakula. Mama aliona sketi ya shule imeanza kumbana, akamwambia apunguze maandazi ya mapumziko. Wakati mwingine, baada ya chakula, alisikia maji ya bafuni yakimwagika muda mrefu, akafurahi kwamba binti yake amekuwa msafi.

Mabishano ya paa na chungu hayakwisha, kwa hiyo nchi zote zikakubali kufanya jaribio. Kila nchi ichague mitaa michache kwa bahati nasibu, makarani wapite, wahesabu kwa njia zote mbili, kisha walinganishe. Kompyuta ilipotoa mitaa ya mji ule, Mama Desimali aliuona wa kwake. Angeweza kumwambia kijana wa sampuli auchague mwingine. Lakini kanuni inayokataza kubadilisha mtaa uliochaguliwa aliiandika yeye, kwa herufi nzito. Akajipa moyo kwamba si kila nyumba hufikiwa.

Jumamosi asubuhi geti likagongwa. Alikuwa Mwalimu, mzee aliyestaafu ualimu wa shule ya msingi na sasa alikuwa karani, sauti imemkauka kwa miaka ya chaki, kishikwambi chake amekifunga kwenye mfuko wa plastiki kwa kuogopa mvua. Alipoona ni nani aliyemfungulia, alirudi nyuma hatua moja.

"Lo! Mama, kumbe ni hapa? Nakuomba leo usinipe maksi."

Alicheka naye, akamkaribisha. Fundi akatoka stoo akifunga vifungo vya shati. Mwalimu akasoma kiapo cha kutunza siri, neno kwa neno kama alivyofundishwa, akaanza.

"Wanaolala humu ndani ni wangapi?"

"Watatu," alisema Mama Desimali.

"Na nyote mnakula chungu kimoja?"

"Ndiyo," alisema yeye.

"Hapana," alisema fundi.

Majibu yalitoka pamoja. Mwalimu aliinua macho, akatazama huku na huku, akatabasamu akingoja waseme ni utani.

"Andika ukweli, Mwalimu," fundi alisema kwa upole. "Yeye ana jiko lake, mimi nina langu."

Mwongozo unasema kwamba wahojiwa wakitofautiana, karani aombe kuona mahali pa kupikia. Mwalimu alijua hivyo, na aliyeuandika mwongozo alijua kwamba anajua. Alisafisha koo. "Basi, kama hamtojali, naomba kuona jiko."

Wakaandamana hadi nyuma. Akaona kila kitu: majiko mawili, sufuria mbili zilizofunikwa, mikebe miwili ya sukari, mmoja umezungushiwa utepe mweusi wa fundi umeme usije ukachanganywa na mwenzake. Mama Desimali alisimama nyuma yao ndani ya nyumba yake kama mtu aliyekamatwa na mali ya wizi. Uso ulimwaka. Alitamani Mwalimu akohoe, aanguke, simu ilie, litokee lolote.

"Kaya mbili," Mwalimu alisema chini chini, akibonyeza. "Kaya ya kwanza, mama. Kaya ya pili, baba. Na mtoto yuko kaya ipi?"

"Kwangu," walisema wote wawili.

"Jana jioni alikula kwa nani?"

"Kwangu," walisema tena, kisha wakatazamana. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kutazamana machoni.

Mwalimu aliomba ruhusa amuulize mtoto mwenyewe. Kipusa alikuwa amesimama kwenye mlango wa ukumbi tangu mwanzo, kidole kikichezea tundu la kitasa. Mzee akainama kidogo, akatumia sauti aliyowatumia wanafunzi kwa miaka yote.

"Mwanangu, jana jioni ulikula kwa nani?"

"Kwa mama. Halafu kwa baba."

"Na juzi?"

"Hivyo hivyo."

"Kila siku hivyo?"

Kipusa akatikisa kichwa kukubali.

Swali lililofuata halikuwa kwenye dodoso. "Ukishakula kwa mama, hujashiba?"

"Nashiba."

"Sasa mbona unakula tena?"

Msichana alimtazama mama yake, kisha baba yake, kama anayeomba samahani kwa atakalosema. "Nikikataa kwa mama, ananiuliza baba kanipa nini. Nikikataa kwa baba, naye hali. Anakaa tu na sahani." Akarudisha kidole kwenye tundu la kitasa. "Siku nyingine hakikai tumboni. Kinarudi."

Mwalimu alirudi kwenye kishikwambi chake, akabonyeza, akabonyeza tena, akakunja uso. "Hapa kuna tatizo. Mtu mmoja hawezi kuandikwa kaya mbili. Kinakataa."

"Ndivyo kilivyo," Mama Desimali alisema, na sauti yake mwenyewe aliisikia kwa mbali. "Nchi zote zimekubaliana. Mtu mmoja, kaya moja. Vinginevyo jumla inazidi idadi ya watu."

"Basi nimweke wapi?"

"Mweke kwa mama yake," fundi alisema. Akageuka, akaingia stoo, akafunga mlango.

Getini Mwalimu alishindwa kuaga vizuri. "Nimekula kiapo, mama. Kwangu mimi, hapa sijafika."

Alipobaki peke yake pale, jambo la kwanza lililomjia Mama Desimali halikuwa mtoto. Lilikuwa ofisi. Alifikiria nani ataiona taarifa ile, na kama mtaa utatambulika. Alikuja kushtuka baadaye, alipomkuta Kipusa amekaa kitandani anangoja kugombezwa, na hapo akajichukia kwa namna ambayo hakuwahi kujichukia. Jioni ile hakuna jiko lililowashwa. Mtoto alikunywa chai na mkate, akalala mapema, na wazazi wake wakakaa kila mmoja upande wake wa ukuta.

Haikupita juma, Mkurugenzi akaitisha kikao cha kupitia dosari za jaribio. Makarani wa mji ule waliketi nyuma. Wataalamu wa nchi nyingine walikuwa kwenye skrini, kila mmoja kwenye kidirisha chake, na yule mgeni mrefu wa miwani ya dhahabu alikuwa juu kulia. Mkurugenzi alikuwa mtu wa haraka, mwenye kupenda kuchekesha.

"Hii hapa ni kali," alisema akionyesha kwa kalamu. "Mume, mke, mtoto mmoja. Nyumba moja. Karani wetu kaandika kaya mbili! Jamani, na wala si mume mwenye wake watatu. Mke mmoja!"

Watu wakacheka. Mgeni wa skrini akacheka kuliko wote. "Ndiyo shida ya chungu hiyo," alisema. "Mkigombana asubuhi, idadi ya kaya nchini inapanda."

"Na mtoto je?" mmoja aliuliza.

"Muulizeni Mama Desimali," mwingine akadakia. "Atampa nusu huku, nusu huku."

Kicheko kikapasua chumba. Mama Desimali aliinamia glasi yake ya maji.

Mkurugenzi alimwinua Mwalimu. "Mzee, hii nyumba ulifika kweli, au ulijazia kibarazani kwa rafiki?"

"Nilifika."

"Basi ulichanganya."

"Sikuchanganya. Nilifuata mwongozo."

"Mpigie mwenye nyumba hapa hapa tuthibitishe."

"Siwezi. Niliwaapia."

"Kiapo si cha kutuficha sisi!" Mkurugenzi alishusha kalamu. "Nasikitika, mzee wangu. Anayejaza majibu ya kubuni anatuharibia kazi ya nchi zote hizi. Tutakushukuru kwa ulipofika, lakini kwenye awamu ijayo hutakuwemo."

Mwalimu hakubisha. Hakumtazama mtu. Aliinama, akaanza kukusanya kalamu zake na ule mfuko wa plastiki. Na Mama Desimali alikaa. Aliujua ukimya ule. Alishawahi kukaa ndani yake, kwenye kiti cha nyumbani kwake, mtu mwingine akishushwa mbele ya macho yake. Alijua pia jinsi unavyoonekana mwepesi ukiwa bado haujaisha. Hata hivyo alikaa, mpaka Mwalimu akafika mlangoni na kushika kitasa.

"Ni kwangu," alisema.

Mkurugenzi aligeuka. "Nini kwako?"

"Hiyo nyumba. Ni yangu. Mwalimu hakukosea kitu. Mimi na mume wangu hatuli pamoja."

Mmoja aliyekuwa amecheka alijifanya anatafuta kitu chini ya meza. Mama Desimali aliona kwamba akinyamaza sasa hatasema tena, akageukia skrini.

"Na wewe bwana, mlipokuja kula kwangu ulisifu mpishi. Yule si mpishi. Ni mume wangu. Ni fundi wa majokofu."

Yule mgeni alivua miwani. "Madam, niwie radhi. Sikujua kabisa."

"Ungejuaje? Sikusema."

Alidhani ukishasema, kifua huwa chepesi. Hakikuwa. Alijiona kama aliyevuliwa nguo mbele ya nchi zote, tena akajivua mwenyewe. Mkurugenzi alikohoa, akasema jambo kuhusu mapumziko mafupi. Mama Desimali akamkimbilia Mwalimu kwenye ukumbi.

"Nisamehe, Mwalimu. Mkurugenzi ameshausikia ukweli, utabaki kazini."

Mzee alimtazama bila hasira. "Nashukuru, mama. Ila ungesema wakati bado nimekaa." Akaendelea na safari yake ya kwenda kunywa maji.

Kabla ya saa ya kutoka alikuwa ameshapata jina jipya. Alilisikia kwa madereva alipopita: "Kaya Mbili huyo." Walidhani yuko mbali. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita tena Mama Desimali, ila wageni.

Alimkuta fundi uani, amechuchumaa mbele ya jokofu la mteja, mgongo wa jokofu umefunguliwa. Akavuta ndoo, akaigeuza, akakaa.

"Leo nimemwambia yule mgeni."

"Mgeni yupi?"

"Wa miwani. Nimemwambia wewe ni mume wangu."

Fundi alikaza skrubu. "Ulimwambia faraghani?"

"Kwenye kikao. Mbele ya nchi zote."

Kidogo acheke; mdomo ulimchezea, kisha ukatulia. "Mama Kipusa, mimi sikuwa nangoja umwambie yeye. Yule namjua wapi? Nilikuwa nangoja uniambie mimi."

"Nikuambie nini?"

"Siku ile nilipokuwa mlangoni, uliniangalia kabla ya kumjibu. Uliona nini?"

Alijua jibu. Alikuwa nalo tangu jioni ile. Alitazama chini, kwenye mavumbi na vipande vya nyaya.

"Kucha zako," alisema. "Niliona kucha zako zilivyo nyeusi kwenye lile bakuli jeupe. Nikaona haya."

Fundi aliweka bisibisi chini. Akaitazama mikono yake, upande huu na upande ule, kana kwamba ameiazima kwa mtu.

"Nilizisugua kwa ndimu," alisema. "Siku ile, kabla hamjaja. Nusu saa nzima."

Mama Desimali alilia pale pale juu ya ndoo. Mumewe hakumbembeleza, wala hakumfukuza. Alingoja amalize, akamwambia, "Tuzungumze habari ya mtoto."

Walimpeleka hospitali pamoja. Muuguzi mnene, mwenye sauti ya kukoromea, aliwasikiliza wote wawili, akamtoa Kipusa nje, akawauliza, "Nyie ni watu wazima?" Akasema tumbo la mtoto litapona likiachwa lipumzike, na asishurutishwe kula hata kijiko. La pili ambalo lingemponya, alisema, halipatikani kwenye dirisha la dawa.

Tangu hapo jioni hupikwa mara moja. Siku nyingine anapika fundi, siku nyingine mkewe, na wote watatu hukaa meza moja. Mwanzoni zilisikika sahani tu. Fundi bado analala stoo. Ofisi ilipoandaa tafrija ya mwisho wa mwaka na kuwaalika wenza, alimwambia, "Nenda wewe. Sijafika huko bado." Naye alikwenda peke yake, akawajibu waliouliza kwamba mumewe hakutaka kuja, na hakuongeza mitambo wala uhandisi.

Kipusa ana kanuni yake siku hizi. Akishashiba husema, "Nimeshiba," hata kama wali umebaki nusu, na kusogeza sahani mbele. Baba yake humtazama tu. Mama yake ndiye wa kwanza kuinuka. Hukusanya vyombo, hata cha mwenzake ambaye hajamaliza kutafuna, huvipeleka jikoni, na huviosha polepole kuliko inavyohitajika, kisha hukaa huko mgongo ukiwa umeelekea mlangoni, mpaka haya itakapompoa usoni.